Dodoma inapanuka: tuhamishe makongano ya mafundi yakiwa mazima, tusiyakate vipande

FundiChuma_Dom (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Humu jukwaani tukiongelea uchumi wa Dodoma tunaongelea vikubwa: kiwanda cha mbolea Nala, bandari kavu Ihumwa, uwanja wa ndege Msalato, treni ya SGR iliyotuunganisha na Dar mwaka 2024. Nafurahi navyo, na baadhi vimenipa kazi. Lakini kuna kitu kingine kinachoshikilia maisha ya watu wa mikoa hii ya kati na hakiongelewi sana, nacho ni makongano ya biashara. Nasema mafundi na wafanyabiashara wa kazi moja, au wa kazi zinazotegemeana, waliojikusanya sehemu moja. Wanagombea wateja, na hao hao wanaazimana vifaa, wanagawana oda, wanafundisha vijana na wanazikana.

Mimi ni fundi chuma. Niliingia kazini kama saidia fundi, sasa nina karakana yangu na ni katibu wa umoja wetu. Mageti na grili ndizo zinazotulisha kila siku, maana tangu serikali ihamie huku ujenzi haujalala. Ila kazi ninayoipenda ni mashine. Tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi kwa watu wa Kongwa na Kibaigwa, vichujio na vipuri vya mashine za kukamua alizeti vinavyokwenda hadi Singida, vikamulio vya mchuzi wa zabibu (juisi ya kutengenezea mvinyo) kwa watu wa Hombolo na Mpunguzi. Mahindi yakikosekana Kibaigwa, kwetu oda zinakata. Na sisi tukisimama, mtu wa Singida mashine yake ikiharibika Julai, alizeti imejaa uani, atasubiri kipuri kutoka mbali huku wenye mzigo wakienda kwa mwingine.

Niwaeleze utaratibu wenyewe ulivyo, kwa sababu wanaotupangia mara nyingi wanaona vumbi, cheche na kelele tu.

Kijana anayeanza hawezi kununua mashine ya kuchomelea, grenda, drili na jiliwa kwa mpigo. Kwetu hakuna aliyeanza navyo vyote. Unaanza na kimoja, vingine unaazima kwa jirani. Jiwe la grenda ukilimaliza, unarudisha na jipya. Mashine ya kukunjia bati iko moja, ya mzee mmoja, na kila karakana inakunjia pale kwa makubaliano. Ikija oda ya madirisha ya shule nzima, mtu mmoja haiwezi, basi inagawanywa karakana nne tano, na aliyeipata anasimamia vipimo. Hakuna mkataba ulioandikwa. Anayedhulumu anajulikana kabla jua halijazama, na kesho yake hakuna wa kumwazima hata nyundo.

Vijana wenyewe wengi wanatoka Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Kondoa. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na ikikata mapema nyumba inabaki haina kitu. Wazee wetu njaa ikibisha walikwenda kuhemea mbali. Kijana wa sasa anahemea Dar, na wengine hawarudi. Anayepata nafasi kwa fundi hapa Dodoma anabaki karibu na kwao. Anatuma gunia la mahindi nyumbani, msiba ukitokea anafika siku hiyo hiyo, masika anaomba ruhusa akalime. Mimi nikisikia wataalamu wanasema uendelevu wa kijamii, naona hicho: watu waendelee kuishi mahali pao wakiwa na kazi, na ujuzi wa kurithisha, na wa kuwashika wakianguka.

Pale kwetu wa kwanza kumshika mtu alikuwa mama lishe wetu. Alikuwa na daftari la kurasa mia moja, jalada limeshachakaa kwa mafuta, na kila kijana ana ukurasa wake. Ugali maharage wa Jumatatu unalipwa Jumamosi fundi akishalipwa. Ukilipa, anakata mstari juu ya deni mbele yako. Kuna kijana wetu alikatwa na grenda kiganjani, akakaa zaidi ya mwezi bila kazi. Alikula kwenye lile daftari muda wote na hakusikia neno. Alipopona alilipa kidogo kidogo mpaka ukurasa ukaisha mistari.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Miaka michache iliyopita eneo letu la zamani lilihitajika kwa barabara. Sina ugomvi na barabara. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, mji wa namna hiyo lazima upitike. Tatizo lilikuwa namna. Ilikuja orodha ya wenye karakana, kila mmoja akaokota karatasi yenye namba, na namba zikatugawa sehemu tatu za mji. Walioandaa waliona hiyo ndiyo haki, hakuna upendeleo. Lakini mzee mwenye mashine ya kukunjia akaenda upande mmoja, sisi tuliokuwa tunaitegemea upande mwingine. Mteja wa Kibaigwa aliyekuwa anafika asubuhi, anapita karakana zote kwa mguu, anachagua, anapakia na kurudi siku hiyo, sasa anapiga simu, anachoka, ananunua mashine ya kutoka nje. Vijana wasio na vifaa wakakosa wa kuwaazima, na wengi wamekimbilia bodaboda au wameondoka kabisa.

Mama lishe hakuwemo kwenye orodha. Hakuwa na karakana. Wala muuza vyuma chakavu, wala mzee wa guta aliyekuwa anatubebea skwea paipu kutoka hadiwea. Lile daftari limebaki na majina ambayo hayakukatwa mstari, na wenye majina wametawanyika.

Hoja yangu wakuu ni hii: kongano likihamishwa, lihamishwe na mahusiano yake. Kiwanja, paa na nguzo ya umeme vinajengwa hata ndani ya miezi. Kuaminiana kwa watu waliokaa pamoja miaka kumi na tano hakuna mkandarasi wa kukujengea. Karibuni tujadili, hasa walio kwenye alizeti, zabibu na masoko.

---

Mwana_Mipango

Mkuu FundiChuma, uzi mzito. Nipo Chuo cha Mipango hapa Dodoma, nimesoma kiasi kuhusu makongano.

Kwenye vitabu habari hii ni ya zamani. Mwingereza Alfred Marshall aliandika mwaka 1890 kuhusu miji kama Sheffield ya visu na vyuma, akaeleza kwamba watu wa kazi moja wakikaa pamoja, siri za kazi hazibaki siri, zinakuwa hewani na watoto wanazipata bila hata kufundishwa. Karne moja baadaye, 1990, Mmarekani Michael Porter akalirudisha jambo hili kwa nguvu, na serikali nyingi zikaanza kuandika sera za makongano. Porter yeye alisukuma zaidi ushindani, nani anauza nje na nani ana tija. Upande wa jamii walioutazama kwa karibu ni Waitaliano, akina Giacomo Becattini, waliosoma Prato, mji wa vitambaa. Walikuta kiwanda, familia, chama na mtaa ni kitu kimoja, huwezi kuvitenganisha ukabaki na uchumi peke yake. Ndicho ulichokieleza kwa lile daftari.

Nikupe mifano miwili ya nje inayogusa hoja yako moja kwa moja.

Wa kwanza Nairobi. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji, waliokuwa wanagonga mabati juani. Baada ya ziara ile walijengewa mabanda pale pale walipokuwa. Hawakutawanywa, na mpaka leo Kamukunji ni Kamukunji.

Wa pili Sialkot, Pakistani, mji maarufu kwa mipira ya miguu ya kushonwa kwa mkono. Katikati ya miaka ya 1990 dunia iligundua kwamba watoto wanashona mipira majumbani. Februari 1997 chama cha wafanyabiashara wa Sialkot kilisaini makubaliano na Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF huko Atlanta, ushonaji ukahamishwa kutoka majumbani kwenda kwenye vituo vinavyokaguliwa. Angalia uzuri wake: kiwanda kimoja peke yake kingeogopa kupandisha gharama jirani asipandishe, lakini kongano zima lilikubaliana kwa pamoja. Angalia na upande wa pili: wanawake waliokuwa wanashona nyumbani huku wakilea, wengi hawakuweza kwenda vituoni kwa sababu za mila na umbali. Kipato chao kikapotea. Orodha ilihesabu mipira na watoto, haikuwahesabu wao.

Kwa hiyo kilichompata mama lishe wenu kimewapata wengi. Mpangaji anahesabu kinachoonekana na kinacholipa leseni.

---

Bint_Iramba

Asanteni. Mimi niko Singida, familia yetu ina mashine ndogo ya kukamua alizeti. Naomba niongee kama mtu wa ndani ya kongano, na sitasifu tu.

Kuwa pamoja kumetusaidia sana. Mkulima analeta gunia zake akijua kwamba bei ya kwangu akiikataa, hatua chache mbele kuna mwingine. Mnunuzi wa mashudu, yale mabaki ya mbegu zilizokamuliwa, anakuja na lori moja anazunguka mashine kadhaa analijaza, mtu ungekuwa peke yako porini asingekufuata. Mafundi wapo, wauza galoni wapo, wanawake wanaopepeta na kuchambua wapo. Wengi wao ni wajane au walioachwa na watoto, na hela ya kupepeta ndiyo inayonunua madaftari ya shule. Hata alama ya ubora ya TBS, wengi wetu tuliipata kwa sababu wa kwanza alipita SIDO, shirika la viwanda vidogo, akatambulishwa, akarudi akatuelekeza kwamba mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO anapimiwa bidhaa bila ada mwanzoni. Taarifa ile ilisambaa kwa mdomo ndani ya wiki.

Sasa ugumu. Alizeti inavunwa Mei mpaka Julai. Mbegu zikiisha, mashine zinalala miezi, na zikilala wanaopepeta ndio wa kwanza kuambiwa wasije. Msimu ambao mafuta ya nje yameingia kwa wingi, bei yetu inaporomoka, sisi tunaishusha kwa mkulima, na mkulima msimu unaofuata anapanda kitu kingine. Mashine zinakosa mbegu tena. Tumeliona hili kwa macho.

Kongano la wakamuaji peke yao halitoshi. Mkulima akibaki nje ya mlango, tunapeana moyo sisi kwa sisi huku mzizi unakauka. Ningependa mkulima awe na kiti kwenye umoja wetu, ajue ushuru wa mafuta ghafi ya kula yanayotoka nje umebadilikaje na sisi tunanunua kwa hesabu gani. Wenzangu baadhi hawataki kusikia hili. Nitaendelea kulisema.

FundiChuma, vile vichujio vyenu mbona siku hizi vinachelewa? Sasa nimeelewa.

---

Hombolo_Zabibu

Nakazia alichosema Bint_Iramba, kwa upande wa zabibu ni kali zaidi.

Alizeti unaweza kuiweka stoo. Zabibu haina subira, ikishakatwa siku mbili tatu imeanza kuharibika. Hapa Hombolo tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno yakiwa mazuri kuna hofu. Mnunuzi akijua huna pa kuihifadhi, anakupangia bei akiwa amekaa kwenye gari. Mimi nimeshuhudia watu wazima wakisimama na kreti barabarani tangu alfajiri hadi giza.

Kilichobadilisha kidogo ni pale watu walipoanza kukamua mchuzi wenyewe na kuuhifadhi. Mchuzi unasubiri. Ukiwa na mchuzi kwenye tangi unaongea na mnunuzi kama mtu mzima mwenzake. Na hao wakamuaji wadogo wamezaa kazi zingine: wanaosafisha chupa, wanaokausha zabibu, vijana wa kupogoa wanaozunguka shamba kwa shamba na mkasi wao. Kupogoa ni ujuzi, ukikosea kikonyo umepoteza msimu. Vijana wanaujua kwa kushinda na wazee shambani, na watafiti wa kituo cha zabibu cha Makutupora wanapokuja wanawakuta wanauliza maswali ya maana.

Hoja yangu: kongano lenye mnunuzi mmoja ni foleni tu. Linakuwa kongano pale mkulima, mkamuaji, fundi wa tangi, muuza chupa na mwenye duka wanapokuwa na namna ya kukataa bei mbaya. Heshima ya mtu iko hapo. Baba anayerudi nyumbani amedhalilishwa na bei, mwanae hatataka kilimo hata umpe trekta.

---

Sina_Upande

Naomba nipinge kwa heshima.

Mnaipamba sana hii hali. Mimi nilikuwa saidia fundi kwenye kongano kama hilo, sisemi wapi. Miaka miwili sikuwa na malipo ya kueleweka, napewa hela ya kula tu, naambiwa najifunza. Miwani ya kuchomelea ilikuwa moja, ya bosi. Usiku macho yanawaka kama yana mchanga, naambiwa niweke vipande vya viazi. Nilipoumia hakuna aliyenishika. Hakukuwa na cheti wala barua, kwa hiyo nilipoondoka nikawa sina hata karatasi ya kuonyesha kwamba najua kazi.

Na mnapomsifu mama lishe, mbona hamuulizi kwa nini anawakopesha mafundi chakula yeye, mwenye mtaji mdogo kuliko wote? Hatari yote ameibeba yeye. Fundi anapata geti la mamilioni, mama anasubiri Jumamosi.

Ukaribu wa watu hauleti haki wenyewe. Unaweza kuwa ukaribu wa kunyonyana vizuri.

---

Kuli_Kibaigwa

Nipo soko la mahindi Kibaigwa, kazi yangu kupakia. Sijasoma ila naongea ninachokiona.

Hapa zamani kila mtu alibeba kivyake. Tajiri anakuchezea bei, mwenzako anashusha, mnagombana. Tulipojiunga tukaweka bei moja ya gunia, na zamu, na mfuko wa aliyeumia mgongo. Gari likija halichagui mtu. Vijana wa kutoka vijiji vya mbali wanapokelewa, wanakaa zamu ya mwisho mpaka wazoeleke, lakini wanakula.

Lumbesa ndiyo tuliipigia kelele sana sisi wabebaji, kwa sababu gunia likiongezwa kilemba mkulima anaibiwa na mgongo ni wangu. Mizani ilipokaziwa, mkulima na mbebaji wote walipona. Sina Upande anasema kweli kwamba kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Lazima muwe na sheria zenu na mzisimamie.

---

FundiChuma_Dom

Nimesoma wote kwa makini. Nianze na Sina_Upande.

Kaka, pole kwa yaliyokupata, na hoja yako naipokea yote. Mambo uliyoyataja yapo, na ndiyo yanayofanya kongano life hata bila kuhamishwa. Kijana anayenyonywa akipata upenyo anaondoka, na anaondoka na ujuzi. Kwetu tumeanza hivi: saidia fundi baada ya miezi mitatu ya mwanzo analipwa kwa siku, kiwango kimoja karakana zote, kwa hiyo hakuna fundi wa kumpata kijana wa bure kwa jirani. Miwani kila anayeshika mashine ana yake, asiye nayo hachomelei. Na tumepeleka vijana VETA, mamlaka ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, ule wa kupimwa unachokijua bila kurudia darasa, wakapewa cheti. Ulipaji umekuwa mgumu zaidi kuukubalisha kuliko miwani, na baada ya kutawanywa umezidi kuwa mgumu, maana sasa simwoni fundi wa upande wa pili anamlipaje kijana wake. Tulipokuwa pamoja nilikuwa naona.

Hili ndilo nataka watu wa mipango walielewe. Sheria zetu zilikuwa zinasimamiwa na macho. Ukinitenga na mwenzangu kwa kilomita nane umeondoa macho, na anayeumia kwanza ni kijana asiye na sauti.

Kuhusu mama lishe umenifikirisha na nimelipeleka kwenye kikao. Pendekezo lililopo ni mfuko wa umoja umlipe mama kila Ijumaa, halafu umoja ndio udai mafundi wake. Deni libebwe na wenye mabega mapana. Wawili wamepinga, wengi wamekubali, tunaendelea.

Bint_Iramba dada yangu, vichujio vinachelewa kwa sababu hiyo hiyo, bati linakunjwa upande mmoja wa mji na kuchomelewa upande mwingine, na guta linakula faida. Oda yako naifahamu, tuongee pembeni.

Jambo la mikopo pia niliseme. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimama Aprili 2023 na ikarudi 2024. Ni mkopo mzuri, hauna riba. Ila unakwenda kwa kikundi cha vijana peke yao au wanawake peke yao, na kongano ni mchanganyiko: mzee ana mashine, kijana ana nguvu, mama ana mtaji wa chakula, mwenzetu mwenye ulemavu wa miguu ndiye anayepima na kuchora kuliko sisi wote. Kila mmoja akikopa kwenye kundi lake tunajikuta tumenunua vitu visivyokutana. Tulichofanya, vijana wamesajili kikundi chao ndani ya umoja, wanaomba mashine ya kukunjia ya pili. Ikipatikana itakaa mahali ambapo wote tunaifikia.

---

Mwani_Paje

Salamu kutoka Unguja. Nimepita tu nikaona nichangie kidogo.

Huku kwetu kuna kongano la mwani, mtaalamu anayejulikana nalo ni Dk. Flower Msuya. Wakulima wa mwani wengi ni wanawake. Kwa miaka walikuwa wanauza mwani mkavu kwa kilo, bei ndogo mno. Kongano lilipowakutanisha na watafiti na watu wa serikali, wakaanza kusaga unga wa mwani na kutengeneza sabuni. Shida za bahari kupata joto na mwani kufa bado zipo, lakini mwanamke mwenye sabuni yake ana neno nyumbani na ana neno kwenye kikao cha kijiji.

Nilichokiona ni kwamba watafiti walikaa na kinamama ufukweni wakauliza kwanza. Nyinyi Dodoma mna vyuo vingi, muwatumie.

---

Mwana_Mipango

Mwani_Paje umenipa sababu ya kurudi.

FundiChuma, kabla hamjahamishwa tena, maana mji unavyokua hilo linaweza kuja, ninyi wenyewe muwe na orodha. Msisubiri kuorodheshwa. Mara nyingi orodha inayotumika kikaoni ni ile iliyofika kikaoni. Andikeni kila anayepata riziki hapo, mwenye karakana na asiye nayo: mama lishe, wa guta, muuza chakavu, anayechaji simu, anayeuza mawe ya grenda. Halafu wekeni safu moja ambayo sijaiona kwenye fomu za kawaida: huyu anategemea nini kwa nani. Fundi A anakunjia kwa B. Kijana C anaazima kwa D. Mama anauza kwa hawa, ananunua mkaa kwa yule. Ukishaijaza unaweza kuichora, na mtu wa ardhi akiiona mezani ataelewa kwa nini hamwezi kugawanywa kwa karatasi za kuokota. Atajua hata nani akae karibu na nani kwenye eneo jipya.

Umoja ukiwa na usajili na katiba, orodha ile ina uzito zaidi. Pitieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na SIDO muwape nakala, kwa kuwa tangu kuanzishwa kwake 1973 kazi yake ni viwanda vidogo kama vyenu.

---

Sina_Upande

Ongezeni na safu ya malipo. Kijana analipwa au halipwi. Mkiiweka hiyo mimi nakuja kusaidia kuijaza, vijana watanieleza mimi yale wasiyoweza kumweleza bosi.

---

FundiChuma_Dom

Sina_Upande, karibu kwa mikono miwili. Safu hiyo inaingia.

Tunaanza Jumamosi, sehemu zote tatu, saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri kabla kazi hazijachanganya. Mwana_Mipango, unakuja?

---

Mwana_Mipango

Nakuja na wenzangu wawili. Mbali na majina tutapima ukubwa wa kila karakana, tuone umeme wa fezi tatu umefika wapi, na guta linapita njia gani kutoka hadiwea. Sisi tutakuja na karatasi za kuchorea. Nyie leteni futikamba ndefu, na yule mwenzenu anayejua kuchora awe nasi tangu mwanzo.